Sisi wa Nyumba ya Kivuti

Huko Karurumo, upande wa Embu, ukiuliza Marcella Igoki ni nani, utaonyeshwa wanawake watatu kabla ya kuambiwa yuko wapi. Uliza Mama Katiba, na hata muuza ndizi aliyekaa kando ya lami atakuelekeza bila kuinua kichwa. Jina hilo alipewa mwaka wa elfu mbili na kumi, mwaka wa kura ya maoni, na kwa muda alilipenda sana. Siku hizi ukimwita hivyo anageuza uso. Nani hangegeuza?

Alizaliwa hapo hapo, mtoto wa mzee Kivuti, ambaye shamba lake lilianza na mibuni juu barabarani, likateremka na migomba hadi mtoni. Watoto walikuwa watano. Kaka zake watatu, Njue mkubwa wao, kisha Ireri, kisha Ngari, halafu yeye, halafu Kathambi, kitinda mimba. Alisoma hadi kidato cha nne akapita vizuri, lakini pesa za kwenda mbele zilipatikana kwa Ngari peke yake. Yeye akaolewa Nkubu, kule Meru, na mwanamume mtamu wa maneno siku ya Jumapili na mwepesi wa ngumi siku zilizobaki. Wakapata msichana, wakamwita Kiende, jina la nyanya yake wa huko. Ngumi hazikupungua. Mwaka Kiende alipotimiza miaka sita Marcella alimshika mkono, akabeba blanketi na sufuria mbili, akarudi kwao.

Mzee Kivuti hakumuuliza kitu. Alimpeleka chini karibu na mto, akapima kona moja kwa hatua zake mwenyewe, akachomeka vijiti vinne.

"Jenga hapa," akasema.

Njue alikuwa amesimama hapo, na mama yao pia. Njue akasema, "Baba, tangu lini msichana akajenga kwao?"

"Tangu leo," mzee akajibu, akapanda mlima kurudi kwa mibuni yake.

Basi Marcella akajenga nyumba ya mbao, vyumba viwili, na kuizunguka akapanda makadamia kumi na moja. Hakuna aliyeandika chochote. Huku kwetu neno la mzee lilikuwa hati tosha, mradi mzee mwenyewe yupo.

Mwaka wa kura ya maoni, shirika moja lilitafuta watu wa kufundisha wananchi juu ya Katiba mpya, watu wanaojua kusoma na kusema Kiembu, Kimbeere na Kimeru. Marcella alikuwa na lugha zote tatu. Ya mwisho aliipata kwa maumivu, lakini aliipata. Wakampa mfuko wa vitabu na eneo lake, kuanzia Karurumo hadi chini Ishiara.

Mwaka ule nchi ilikuwa imejigawa rangi mbili. Kijani walisema ndiyo, nyekundu wakasema la, na makanisa mengi ya huku yalikuwa nyekundu kama nyanya. Marcella akifungua ukurasa wa ardhi, watu wanaanza kutupiana maneno. Akifungua ukurasa wa mahakama, mzee wa kanisa anasimama na kuondoka na bibi yake. Akigusa haki za wanawake, wanaume wote wanashikwa na kikohozi. Ukurasa mmoja tu haukuwa na ugomvi, ule wa kwanza kabisa, dibaji. Hapo Mungu ametajwa, waliopigania uhuru wametajwa, makabila na dini zimetajwa, na hakuna ekari hata moja iliyotajwa. Basi Marcella akapiga kambi hapo. Nami simlaumu sana. Mtu mwenye mtoto wa kulisha hatafuti vita.

Lakini hapo alipopiga kambi alifundisha kweli kweli, usimnyime haki yake. Alikuwa na mtindo wake. Anawasimamisha watu, anasoma neno la kwanza, "Sisi", halafu anafunga kitabu.

"Sisi ni nani?"

"Wakenya," watu wanaitikia.

"Wakenya ni nani?"

Hapo anaanza na aliye mbele yake. Taja jina lako. Si la mume, si la mwana, lako. Na neno la pili halisomwi mpaka mtu wa mwisho ataje lake. Watu mia moja, majina mia moja, jua limewasimamia utosini, na yeye hana haraka. Wengine walilalamika kwamba huyu mama anafanya sensa. Lakini wengi walibaki, kwa sababu si kila siku mtu anakuuliza jina lako na kungoja jibu.

Siku moja alikuwa Ishiara, soko la mbuzi, na mwanamke mmoja aliyeshika kamba ya mbuzi jike akasema, "Mimi ni bibi ya Muthamia."

"Sijamuuliza Muthamia. Wewe."

"Mama ya Mutembei."

"Mutembei atajisemea akikua. Wewe."

Yule mwanamke akatazama mbuzi wake, akatazama watu. "Karwirwa," akasema mwishowe, polepole, kama mtu anayetoa kitu chini ya kitanda na kukipangusa vumbi. Watu wakacheka kwa uzuri, naye akacheka.

Ndipo mzee mmoja wa Kimbeere, mchuuzi wa mbuzi, akainua fimbo yake. "Mwalimu, wahenga walisema nyumba njema si mlango. Wiki ya pili sasa unatusomea mlango. Huko ndani kuna nini?"

Marcella hakukasirika. "Mzee, mlango ndio unaokuambia nyumba ni ya nani," akasema. "Sheria za mkoloni zilianza na jina la mfalme wao. Ile Katiba tuliyopata wakati wa uhuru iliandikiwa ng'ambo, na wewe hukutajwa kwenye mwanzo wake. Hii inaanza na wewe. Kabla ya rais, kabla ya bunge, kabla ya jaji. Inasema anayesema ni wewe, na unasema kwa sababu gani, na kwamba Katiba hii hukupewa na mtu, umejipa mwenyewe na watoto wa watoto wako. Jaji akikwama huko ndani, anarudi mlangoni kuuliza wenye nyumba walitaka nini."

Mzee akaridhika nusu. "Na nikinyang'anywa mbuzi, mlango huo utanirudishia?"

"Peke yake, hapana. Lazima uingie ndani utafute kifungu."

"Basi tusomee kifungu."

Marcella akatazama saa yake. Akasema watakisoma wiki ijayo. Wiki ijayo hawakukisoma.

Kura ikapigwa, kijani wakashinda, Katiba ikazinduliwa, na Marcella akabaki na jina. Harusini anaitwa kufungua kwa dibaji. Mkutano wa wazazi shuleni, dibaji. Hata wale waliokuwa nyekundu wakaipenda, kwa kuwa inaanza na Mungu na kumalizia na Mungu. Wakaisema wamefumba macho, halafu "Amina", halafu chai. Ikawa kama sala ya kufungulia kikao. Kitabu chenyewe kikabaki kwa mfuko.

Mwaka wa pili baada ya hapo mzee Kivuti akafa. Alilala mchana baada ya uji, hakuamka. Wakamzika kando ya mibuni yake, na arobaini ilipopita Njue akaita kikao cha familia.

Njue alikuwa mwenyekiti wa mradi wa maji, mtu wa koti hata siku ya jua kali, na sauti yake ilikuwa ya kuzoea kusikilizwa. Alieleza kwamba shamba bado liko kwa jina la marehemu, na ili ligawanywe inatakiwa barua kwa chifu inayotaja warithi, na kila mtu atie sahihi kwamba amekubali.

"Marcella, maneno ni yako," akasema. "Tuandikie hiyo barua. Iandike kama ile Katiba yako, chifu aone hapa ni kwa watu."

Basi akaandika. Lazima niseme ukweli, aliandika kwa furaha. Alikaa kwenye meza ya baba yake, daftari safi, kalamu ya wino mweusi, na maneno yakaja yenyewe: Sisi, familia ya marehemu Kivuti wa Karurumo, tukitambua ukuu wa Mungu, tukimuenzi baba yetu aliyelima shamba hili kwa jasho lake, tukijitolea kuishi kwa amani na umoja, sisi na vizazi vyetu. Alipoisoma kwa sauti Ngari alipiga makofi. Mama yao alijifuta macho kwa pindo la leso. Marcella akahisi kwamba kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Nkubu, nyumba hii imejua kazi yake.

"Sasa majina," Njue akasema. "Andika Njue, Ireri, Ngari."

Akaandika. Kalamu ikangoja.

"Na sisi?"

"Sisi gani?" Njue akauliza.

"Mimi na Kathambi."

Njue akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Kathambi yuko kwake Chuka, analima, ameshiba. Na wewe uko kwako hapo chini. Baba alikupa, nani atakutoa? Tukijaza majina mengi, mambo haya yatachukua miaka kumi. Wacha hati zitoke, tutakukatia kona yako. Tena fikiria, huyo mtoto wako ni wa Ameru. Tukikuandika wewe, kesho baba yake atakuja hapa na panga kudai."

Marcella akamgeukia mama yake. Alimtazama tu, na mama akaelewa anaombwa nini.

"Usinihesabie watoto mbele ya watu, mwanangu," mama akasema. "Nimetoka kuzika juzi. Unataka nizike tena?"

Sasa hapo ndipo penye desturi. Huku kwetu mzazi hataji idadi ya watoto wake hadharani. Ukisema una watano, umeionyesha mauti mahali pa kuanzia. Mtu akiuliza, unasema wako wa kutosha, au unamwacha mmoja nje ya hesabu ili macho mabaya yasimalize orodha. Ni mwiko wa zamani na hakuna anayeucheka. Lakini Marcella alikumbuka mwaka wa themanini na nne, ile njaa kubwa, foleni ya mahindi ya njano ya serikali. Yeye alikuwa na miaka tisa. Mama aliwapanga wote watano mbele ya karani, mkubwa hadi mdogo, na kuwahesabu kwa kidole kichwani, mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa foleni. Siku hiyo mwiko ulikuwa umeenda wapi?

Alilikumbuka hilo, na akalimeza. Angesema nini? Kwamba yeye, mwalimu wa umoja, ndiye anayevunja nyumba ya baba yake kabla udongo wa kaburi haujashikana? Tena barua ilikuwa imetoka nzuri. Hilo pia lilichangia, na ndilo linalomuuma hadi leo kuliko yote.

Kwa chifu walikwenda Jumanne. Chifu aliisoma barua kwa sauti, akasimama katikati na kutikisa kichwa kwa kufurahi. "Nimeletewa barua nyingi hapa," akasema, "lakini hii ni Katiba ndogo. Aliyeiandika ni huyu Mama Katiba wetu, ama?" Watu waliokuwa wakingoja mlangoni wakamwangalia. Baadhi yao aliwahi kuwasimamisha juani mpaka wakataja majina yao. Marcella alitabasamu.

"Na wewe hudai sehemu?" chifu akamuuliza, akisukuma fomu mbele yake.

"Sidai."

Akatia sahihi, ndefu, yenye mkia mzuri. Kathambi, aliyekuja kutia sahihi tu, akatia yake bila hata kukaa, maana gari la Chuka lilikuwa linajaza.

Miaka mitatu ikapita ndipo hati zikatoka. Tatu. Kona ya mtoni, nyumba ya mbao na makadamia yake kumi na moja, ilikuwa ndani ya hati ya Ireri. Marcella alipanda kwa Njue kuuliza, "Na ile yangu?" Njue akasema hilo ni la Ireri sasa, aongee naye. Ireri akasema mkubwa wa nyumba ni Njue, aongee naye. Alipanda na kushuka kilima kile msimu mzima, kama mpira wa watoto. Ngari alikuwa Nairobi na simu yake ilikuwa na tabia ya kukatika.

Kisha asubuhi moja wakaja watu wawili na kamba ya kupimia, wakaivuta katikati ya miti yake. Ireri alikuwa nyuma yao na mtu wa mjini aliyevaa viatu vya rangi ya maziwa.

"Usichukulie vibaya, dadangu," Ireri akasema. "Nina mambo yangu. Huyu ananunua."

Kiende alikuwa nyumbani kwa likizo, msichana wa kidato cha tatu, mrefu kumpita mama yake. Alisubiri wale watu waondoke.

"Mama, kwani wewe ulisaini nini?"

"Nilisaini amani."

"Na kifungu cha sitini? Kinachosema ubaguzi wa wanawake kwa mambo ya ardhi uondolewe, hata ule wa mila? Sisi tumefundishwa darasani."

Marcella akakitafuta kitabu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeshikwashikwa mpaka umelegea na kutoka. Ule wenye kifungu cha sitini ulikuwa bado umenatana na mwenzake tangu kiwandani, ikabidi Kiende autenganishe kwa ukucha. Wakasoma pamoja. Marcella alisoma mara mbili, akakaa chini. Mganga hajigangi, watu husema, na husema kwa kucheka. Yeye hakucheka. Wiki iyo hiyo alisikia habari za Karwirwa wa Ishiara, yule wa mbuzi. Muthamia alitaka kuuza shamba, Karwirwa akakataa kutia sahihi, akasimama mbele ya wazee wa ardhi na kutaja kifungu. Eti baada ya yale mafunzo ya sokoni alimwomba mwanawe amsomee kurasa zilizobaki, moja kila jioni akipika. Marcella alifurahi kwa ajili yake, halafu akalia, na asikwambie mtu kwamba machozi yale yalikuwa ya furaha.

Akaenda kortini. Hakuwa na wakili. Alijiandikia mwenyewe, na safari hii hakuweka dibaji. Njue na Ireri walikuja na wakili wao, kijana nadhifu, na silaha yake ilikuwa karatasi moja tu. Aliisoma yote kwa sauti nzuri: Sisi, familia ya marehemu Kivuti wa Karurumo, tukitambua ukuu wa Mungu.

"Aliyeandika haya ni nani?" wakili akauliza.

"Ni mimi," Marcella akasema.

"Na sahihi hii?"

"Ni yangu."

"Kuna aliyekushika mkono?"

"Hapana. Niliahidiwa."

Hakimu alikuwa mwanamke wa umri wa Kathambi, mpole wa sauti. Alimpa Marcella nafasi, na Marcella, masikini, mazoea yakamshinda. Alianza kusema jinsi Katiba inavyoanza na sisi, na sisi ni kila mtu kwa jina lake. Hakimu akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, maneno hayo nayaheshimu," akasema. "Yananiambia nchi hii ilitaka kuwa ya namna gani, na nikisoma kifungu chochote nakisoma nikiwa nayo moyoni. Kifungu nacho kinakupa haki sawa na kaka zako. Hapo hatubishani. Lakini hata haki, mtu anaweza kuikataa kwa mkono wake, na mkono wako ninao hapa. Nionyeshe kwamba ulidanganywa. Hiyo ahadi, nani mwingine aliisikia?"

"Mama yangu alikuwepo."

Kwa hiyo kila kitu kikabaki kwa mama. Nyumba, miti, mahali pa Kiende kurudi shule zikifungwa, vyote vikategemea sentensi moja ya mwanamke wa miaka sabini na kitu. Marcella alikuwa amemtembelea wiki iliyotangulia, na mama alimwambia, "Nitasema ukweli, mwanangu. Nitaogopa nini na umri huu?" Marcella akarudi kwake amepona nusu.

Siku ya ushahidi mama alikuja kwa gari la Njue, amevaa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa. Akaapa kwa Biblia. Karani akasimama karibu naye kumtafsiria.

"Mama, wewe na marehemu mlijaliwa watoto wangapi?" hakimu akauliza.

Mama akanyamaza. Wakili akatazama saa, na Marcella ndiye aliyeinua mkono kumtetea. "Mheshimiwa, naomba usimkasirikie. Kwetu mzazi hahesabu watoto wake. Ni mwiko."

Hakimu akatikisa kichwa kwamba ameelewa. "Basi asihesabu. Awataje kwa majina tu."

"Njue," mama akasema. "Ireri. Ngari."

Karani akangoja. Hakimu akangoja.

"Ni hao tu?"

"Hao ndio wa nyumba."

"Na huyu aliyesimama hapa?"

Mama alimtazama Marcella, kisha akatazama ukingo wa kizimba. "Huyu tulimpeana Meru. Mbuzi za mahari zilikuja, zikaliwa. Alirudi kama mgeni, na mgeni tunamkaribisha."

"Ulisikia akiahidiwa kukatiwa shamba?"

"Sikusikia."

Karani akatafsiri yote, ingawa katika ukumbi ule hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Marcella alishika ubao uliokuwa mbele yake. Ngumi za Nkubu alizijua zote, na hakuna hata moja iliyomfika hapo. Alitaka kupiga kelele kwamba mwaka wa themanini na nne nilikuwa wa nne, ulinigusa kichwa, mahindi yangu mlikula nyote. Hakupiga kelele. Alisema, "Sina swali kwa shahidi," akakaa.

Alishindwa. Hakimu aliandika kwamba anasikitika, na huenda alisikitika kweli. Akampa miezi mitatu ya kuhama, na ruhusa ya kuondoka na alichojenga. Huko Karurumo watu walimhurumia siku mbili, kisha wakaanza yale yao: si aliandika mwenyewe? Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Na waliosema hivyo kwa sauti kubwa zaidi ni wale walioisema dibaji wamefumba macho.

Nyumba ya mbao ina wema mmoja, inang'oleka. Mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha, Marcella alipata chumba Majimbo, mjini Embu, na fundi mmoja wa kukubali kazi ya kubomoa. Asubuhi wakaanza, fundi juu ya paa akitoa mabati, Kiende akipokea, Marcella akipanga mbao kwenye pikapu. Makadamia yalikuwa yamezaa sana mwaka huo. Hayo hayang'oleki.

Saa nne hivi mama alishuka kilima, polepole, na kopo tupu la mafuta ya kupikia. Hakumsalimu mtu. Aliinama akaanza kuokota misumari kwenye nyasi, ile iliyonyooka akiitia ndani ya kopo, iliyopinda akiiweka kando ili inyooshwe kwa jiwe. Aliokota hivyo muda mrefu, mpaka ukuta wa mwisho ukalala chini na sakafu ya udongo ikabaki wazi, na alama za miguu ya kitanda.

Hapo akamjia Marcella na kopo.

"Usitupe msumari mzima," akasema. "Utakufaa huko mjini."

Marcella aliendelea kufunga kamba.

"Ningefanya nini?" mama akasema kwa sauti ya chini, ili fundi asisikie. "Nalala kwa Njue. Nakula kwa Njue. Ningesema lile neno, jioni ile ningelala wapi? Ningekuja kwako? Wewe mwenyewe huna kwako."

Ilikuwa kweli, na Marcella alijua ni kweli. Alijua pia kwamba mama yake hajawahi kuandikwa kwa hati yoyote tangu azaliwe, kwamba na yeye alitoka kwao kwa mbuzi, na hakuna siku mtu alimsimamisha juani kumuuliza jina lake. Yote aliyajua, na hayakupunguza kitu.

"Unaninyamazia, mwanangu?"

Marcella akakaza fundo la mwisho. Akageuka, akalipokea lile kopo kwa mikono miwili, kwa heshima, jinsi mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa wa jirani.

"Asante sana, Mama Njue," akasema.

Hivyo ndivyo kila mtu wa Karurumo anavyomwita mama huyo, wauza ndizi, watu wa kanisa, wapita njia. Watoto wake peke yao ndio hawamwiti hivyo. Mkono wa mama ukabaki umenyooshwa, kopo limekwisha kutoka. Marcella alipanda mbele ya pikapu, Kiende akapanda nyuma juu ya mbao, na dereva akawasha gari. Mama alisimama katikati ya sakafu ile isiyo na kuta, akingoja aitwe tena.